Maelezo Yametolewa na Mume

Nikuulize wewe unayesikiliza: ukifika hospitali, daktari akainua kichwa akasema, “Unaumwa wapi?”, nani anafungua mdomo kumjibu? Usicheke. Najua utasema, mimi mwenyewe, nani mwingine. Basi ngoja kwanza, twende pamoja mpaka wodi ya wanawake ya hospitali moja pale Ifakara, asubuhi ya Jumatano, mwezi wa nne, masika yamekolea na maji yamejaa mitaroni mpaka vyura wanaruka kizingitini.

Sajenti Paskalina alikuwa amefuata karatasi tu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mnene kiasi, amevaa kiraia: gauni la kitenge, mabuti ya mpira kwa ajili ya tope, na begani mkoba wenye kalamu tatu, maana kalamu moja huweza kukauka maelezo yakiwa katikati. Karatasi aliyoifuata ni PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha ya mtu aliyeumizwa. Bila hiyo, kesi haitembei.

Na kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Jumatatu jioni, wananchi walimleta kituoni dereva wa bodaboda aitwaye Fidel, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, baba wa watoto wawili, jicho moja limeshafumba kwa makofi aliyopigwa njiani. Walisema amemgonga mke wa mtu kwenye barabara ya changarawe inayokwenda Namawala. Mlalamikaji alikuwa mume wa huyo mama, Amedeus, mkulima wa mpunga na mwalimu wa kwaya kigangoni kwao, mtu ambaye hata askari wa zamu alimpa kiti.

Fidel alikuwa na neno moja, akalirudia mpaka likachosha.

“Mimi nilimkuta amekaa kando ya barabara, afande. Ameinamisha kichwa, damu inachuruzika. Nikampakia nimpeleke zahanati, mumewe akatukuta njiani akapiga yowe. Sasa afande, mtu akigonga mtu huku kwetu anatafuta pa kukimbilia. Anampakia wa nini?”

Jumatano hiyo asubuhi mkuu wa upelelezi aliguna. “Bodaboda wote wakifika hapa ni malaika,” akasema. “Paskalina, kalete PF3. Kesho huyu aende mahakamani.”

Basi ndiyo Paskalina akaingia wodini saa mbili asubuhi, akapangusa mabuti yake kwenye gunia la mlangoni, akamkuta Mama Theresia, nesi mkuu wa wodi, anahesabu vipimajoto. Mama Theresia alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Wodi ile aliijua kama jiko lake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umefuata ile fomu? Iko tayari, hii hapa. Na mgonjwa wako anaruhusiwa leo saa sita.”

“Mapema hivyo?”

“Mumewe ameomba. Anasema nyumbani kuna kuku wa supu na utulivu. Halafu ngoja nikuambie, mume yule ukimwona utatamani kulia. Tangu Jumatatu hajabanduka pale kitandani. Anamlisha kwa kijiko, anamnawisha uso, anamfulia khanga. Wewe si unawajua wanaume wa bonde hili? Anakuleta na baiskeli, anakubwaga getini, mnaonana siku ya ruhusa. Huyu tumempa kibali akae hata saa ambazo ndugu hawaruhusiwi. Wale manesi wadogo wamempa jina, wanamwita Mume wa Mfano. Jana ametuletea perege wa kukaanga, wodi nzima.”

“Na mgonjwa mwenyewe anasemaje?”

“Anaendelea. Jana tu kikohozi kimeanza, tukampa dawa.”

Paskalina akaisoma fomu akiwa amesimama. Jeraha juu ya sikio la kushoto, nyuzi tano. Mkono wa kushoto umevimba, haujapigwa picha kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Maumivu ya mbavu. Chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka: majeraha yanalingana na ajali ya pikipiki.

Angeweza kuikunja akaondoka. Lakini alifundishwa na mkubwa wake wa kwanza kazini kwamba fomu husomwa mara mbili, mara moja kwenye karatasi na mara moja kwenye mwili wa mtu. Akaenda kitanda cha kumi na nne, karibu na dirisha.

Eufrasia alikuwa na miaka thelathini na moja ukiangalia fomu, na hamsini ukiangalia shingo. Amefungwa bendeji kichwani, mkono wa kushoto umening'inizwa kwa kitambaa. Kando yake, kwenye stuli, amekaa Amedeus, shati limepigwa pasi mpaka kola, kikombe cha uji wa mchele mkono mmoja, kijiko mkono wa pili.

“Pole dada,” Paskalina akasema. “Mimi ni Sajenti Paskalina, wa kituo cha polisi. Unaendeleaje?”

“Anaendelea vizuri, afande, Mungu mkubwa,” Amedeus akajibu. “Usiku amelala.”

“Jumatatu ulikuwa unatoka wapi?”

“Alikuwa anatoka shamba. Mimi nilikuwa nimetangulia.”

“Pikipiki ilitokea mbele yako au nyuma?”

“Nyuma. Kwa kasi kabisa. Ikamrusha mtaroni.”

“Namuuliza yeye, kaka.”

“Kichwa bado kinamzunguka, afande. Daktari amesema asisumbuliwe.” Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayefunika chakula nzi wasikiguse.

Paskalina akanyoosha mkono kumsalimia mgonjwa. Unajua sisi wanawake tunavyosalimiana, mkono haushikwi ukaachwa. Unashikwa, unakaliwa, unatikiswa tena. Akaushika mkono mzima, wa kulia, akaugeuza kidogo wakati wa kutoa pole. Kiganja kilikuwa safi. Kigumu kwa jembe, ndiyo, lakini hakuna hata mchubuko mmoja. Mtu amerushwa na pikipiki kwenye changarawe, kiganja hakina alama.

“Na miguu, inauma?”

“Miguu mizima, afande, haina hata doa,” Amedeus akasema. “Hilo tunamshukuru Mungu.”

Pikipiki inamgonga mtu kwa nyuma kwa kasi, na miguu haina hata doa. Paskalina aliliweka hilo moyoni, akaendelea kuutikisa ule mkono. Khanga ikateleza begani kwa Eufrasia, na juu ya kiwiko, kwa ndani, zikaonekana alama nne za rangi ya zambarau zimepangana kwenye mstari, na ya tano upande wa pili peke yake. Amedeus akairudisha khanga mahali pake kwa ncha za vidole, taratibu, akainua kijiko. Eufrasia akafungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Muda wote ule hakumtazama askari. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa mumewe.

“Ana ugonjwa mwingine wowote?” Paskalina akauliza.

Hapo Amedeus akachangamka. Akavuta mfuko wa plastiki chini ya kitanda, akatoa madaftari matatu ya hospitali, yale yale ya shule, yamefunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani na kuandikwa jina la mkewe kwa mwandiko mzuri wa kulaza.

“Mimi natunza kumbukumbu, afande. Soma mwenyewe. Huyu ni mtu wa malaria. Malaria imemkalia kichwani miaka miwili sasa, inamtia kizunguzungu. Ndiyo maana hakusikia hata honi.”

“Naomba niyaazime kidogo.”

“Yachukue. Ila saa sita tunaondoka, nimeshaongea na mwenye bajaji.”

Paskalina akakaa kwenye benchi la nje, chini ya bati, mvua inadondoka mbele ya magoti yake. Akafungua la kwanza, la pili, la tatu. Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba yote matatu yalikuwa na kurasa tupu nyingi. Mtu huandikiwa daftari moja mpaka lijae, ndipo anunue jingine. Akaangalia mihuri. Zahanati tatu tofauti, moja huku, moja ng'ambo ya mto, moja njia ya Idete. Kila zahanati ilikuwa na daftari lake, na kila moja ilimjua Eufrasia kwa mara tatu au nne tu. Hakuna aliyepata kuyaona yote pamoja.

Akatoa kalamu, akaanza kuyanakili kwa kufuata tarehe, bila kujali yametoka daftari lipi. Kichwa kinauma, mwili wote unauma siku mbili, kipimo cha malaria, hasi, apewe panado. Kichwa na masikio, hasi, apewe panado. Mgongo, hasi, dawa mseto apewe hata hivyo. Jicho limevimba, ameng'atwa na mdudu, kipimo cha malaria, hasi. Akafika tarehe kumi na tisa mwezi wa kumi mwaka uliopita, kalamu ikasita.

Ameanguka kutoka dunguni. Mkono wa kushoto umevimba. Kipimo cha malaria: hasi. Apewe panado, apumzike.

Paskalina ni binti wa wakulima wa Lupiro. Utoto wake wote aliulalia dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo watu wanapokaa kufukuza ndege kwenye mpunga. Alijua mwezi wa kumi kuna nini bondeni. Hakuna mpunga wa kulinda mwezi wa kumi. Mashamba ni mabua na majivu, watu wamesharudi vijijini, na ngazi za madungu zimekuwa kuni. Mganga wa zahanati aliyeandika maneno yale naye anaishi bonde hili hili, anakula mchele huu huu. Mwanamke amekuja na mkono uliovimba, amesema ameanguka kwenye kitu ambacho hakipo, naye akamtoboa kidole kumpima malaria. Maana kwetu, mtu akisema mwili unauma, mkono wa mganga unakwenda wenyewe kwenye kipimo.

Akahesabu. Mara kumi na moja kwa miaka miwili. Mara kumi na moja hasi. Ndipo akaona kile alichokuwa anakiruka kila ukurasa, kwa kuwa kilikuwa kimeandikwa kwa herufi ndogo pale juu, kama watu wanavyoandika tarehe. Maelezo yametolewa na mume. Akarudi ukurasa wa kwanza. Maelezo yametolewa na mume. Kwingine kwa kifupi tu: maelezo, mume. Akafunua yote matatu mpaka mwisho, kidole kikifuata mstari. Katika mara zote kumi na moja, hakuna hata neno moja alilolisema Eufrasia mwenyewe.

Paskalina aliwahi kuokota maiti mtoni. Aliwahi kusimama mbele ya mambo ambayo sitayataja hapa. Lakini alikaa kwenye lile benchi na daftari mapajani, mvua ikamlowesha mabuti, kalamu ikiwa bado wazi mkononi. Lililomshtua ni unadhifu wa yale madaftari. Mambo yote yalikuwa yameandikwa wazi, yamegongwa mihuri, yamevikwa karatasi ya kalenda, na mwenye kuyafanya ndiye aliyemkabidhi kwa mkono wake huku anatabasamu. Kila aliyesoma alisoma kipande chake, akageuza ukurasa.

Akaangalia saa. Saa nne na dakika kumi. Saa sita yule mama akipanda bajaji, hakuna atakayemwona tena mpaka siku ya kumbeba. Akapiga simu kituoni, akasema Fidel asipelekwe popote na gari lije hospitali. Akajibiwa gari liko Idete, daraja limefunikwa na maji, wavumilie. Akamtafuta Mama Theresia, akamkuta kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango.

“Mama, nakuuliza kitu, na usinijibu haraka. Siku hizi tatu, Eufrasia amekuambia nini?”

“Ameniambia...” Mama Theresia akaanza kwa uhakika wa mtu mwenye wodi yake. “Ameniambia mbavu zinambana. Ameniambia uji wa mahindi hautaki, anataka wa mchele.”

“Alisema yeye?”

“Mumewe alisema.”

“Na mbavu?”

“Mumewe.”

“Yeye, kwa mdomo wake, alisema nini?”

Mama Theresia akatazama rafu ya dawa kama jibu limebandikwa pale. Mikono yake iliyoshona watu miaka thelathini na tano ikaanza kutafuta pa kushika.

“Hata sauti yake siijui,” akasema mwishowe.

Akakaa juu ya boksi la drip. Paskalina akamwekea yale madaftari mapajani na karatasi ya tarehe juu yake. Nesi akasoma polepole, miwani ikishuka puani, na alipofika kwenye dungu la mwezi wa kumi akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga msumari.

“Kile kibali cha kukaa nimekisaini mimi,” akasema. “Hata saa ya kuoga alisema amwogeshe mwenyewe, nikasema baba, Mungu akubariki. Mimi, Paskalina. Kwa mdomo wangu.”

“Hilo tutalilia kesho, mama. Sasa hivi nataka dakika kumi na huyu dada peke yake, na mume asijue kwamba ninazitaka. Tukimfukuza wazi, atamgeuzia hasira huko nyumbani, au ataondoka naye sasa hivi. Kuna mahali humu hospitalini ambapo mume haingii?”

“Leba. Lakini hana mimba.” Mama Theresia akafikiri, kisha akainuka. “Chumba cha picha. Kule kuna mionzi, haingii ndugu wala jamaa. Na umeme umerudi alfajiri.”

Walikubaliana maneno hapo hapo. Nesi akarudi wodini na kiti cha magurudumu, uso wake mkavu kabisa. Paskalina akazungukia nyuma, akaingia chumba cha picha kwa mlango wa watumishi na kumweleza fundi wake, Joachim, mwanaume mwembamba mwenye ndevu tatu kidevuni, asiyependa maneno mengi. Kupitia uwazi wa mlango waliwasikia wakija.

“Nesi, mkono si umevimba tu?” Amedeus alikuwa anasema. “Sisi tumesharuhusiwa.”

“Baba, ile fomu ya polisi bila picha haikamiliki. Au hutaki yule bodaboda afungwe?”

Magurudumu yakaendelea kulia kwenye sakafu.

“Nataka,” akasema Amedeus. “Basi nitaingia nimshike mkono, anaogopa mashine.”

Joachim akajitokeza mlangoni, akagonga kwa kalamu kwenye lile bango la manjano.

“Karibu, ingia. Ila mionzi hii, baba, haimjui wa kupigwa picha na wa kusindikiza. Una watoto wangapi?”

“Mmoja.”

“Ingia basi, kama huyo mmoja anakutosha.”

Kuna watu wawili watatu walikuwa kwenye foleni, wakaguna kwa kicheko. Amedeus akarudi nyuma hatua moja, akiwa bado anatabasamu. Mama Theresia akakisukuma kiti ndani, na mlango mzito ukafungwa.

Joachim alifanya kazi yake bila neno. Aliulaza ule mkono juu ya meza, akauweka hivi, akauweka vile, akaenda nyuma ya ukuta wake, akabonyeza. Kisha akaitazama picha kwenye kompyuta kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamwita Paskalina kwa kidole.

“Afande, jifanye unaanguka. Mbele.”

Paskalina akanyoosha mikono, viganja wazi.

“Ndiyo. Kila mtu hufanya hivyo, mtoto na mzee. Ukivunjika, unavunjika hapa, kwenye kifundo, au unateguka bega. Sasa inua mkono kama mimi nakupiga na fimbo ya kichwa.”

Akainua kalamu juu ghafla, na Paskalina, askari wa miaka kumi na nane, akajikuta ameshaweka mkono mbele ya uso. Joachim akamgusa na ile kalamu katikati ya mkono, upande wa kidole cha mwisho.

“Hapo,” akasema. Akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. “Mfupa huu umepasuka hapo hapo. Mwenzake wa pembeni mzima. Na tazama hapa, chini yake kidogo, hiki kinundu. Huu ulishavunjika, hakuna aliyeufunga, ukaunga wenyewe vibaya. Miezi mitano, sita.”

“Mwezi wa kumi,” Paskalina akasema.

“Inawezekana. Na mbavu mbili, ile ya saba na ya nane, zina makovu ya mfupa ya zamani kuliko hicho. Nilimpiga picha na ya kifua kwa kuwa Mama Theresia aliniambia.” Akavuta pumzi. “Picha za waliogongwa na pikipiki nimepiga nyingi kuliko nywele zangu, afande. Pikipiki haina shabaha hivi. Haipigi mara mbili mahali pamoja.”

Mama Theresia alikuwa amekuja kusimama nyuma yao. Aliangalia kile kioo akaweka kiganja mdomoni, akakiacha hapo hapo.

Paskalina akaenda akachuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu, ili uso wake uwe chini ya uso wa mgonjwa. Hakutoa daftari bado.

“Dada Eufrasia, hapa tuko wanne tu. Mimi sheria hainiruhusu kukuwekea maneno mdomoni, wala sitakutajia jina la mtu. Nakuuliza tu, halafu nanyamaza. Nani amekuumiza?”

Eufrasia akatazama mlango. Mashine ilikuwa inanguruma kwa chini. Joachim akajifanya anafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

“Mlango ule una komeo?” akauliza.

Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, kama ya mtu anayetoka kwenye mafua. Mama Theresia aliposikia, machozi yakamtoka kabla hajajua. Akaenda akalisukuma komeo, likalia kwa nguvu, na Eufrasia akalitazama mpaka lilipofika mwisho.

“Mwanangu, mimi nilipita pale kitandani kwako mara ngapi,” nesi akasema. “Mbona hata kuninong'oneza?”

“Nilikuwa nakohoa, mama,” akasema Eufrasia. “Kila ulipopita nilikuwa nakohoa, ili usimame. Ukamletea dawa ya kikohozi, akaninywesha.”

Joachim akaacha kufuta meza. Mama Theresia akashika mgongo wa kile kiti cha magurudumu kwa mikono miwili, kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Kikasikika kidole kinagonga mlango, mara tatu, kwa adabu.

“Nesi? Uji unapoa huku.”

“Subiri, baba, picha haijatoka vizuri,” Joachim akajibu bila kugeuka.

Eufrasia alikuwa amejikunja. Paskalina hakumgusa. Alingoja mpaka mabega yakashuka.

“Yule wa pikipiki yuko wapi?” Eufrasia akauliza kwa kunong'ona.

“Yuko mahabusu.”

“Mahabusu? Amefanya nini?”

“Imeandikwa kwamba amekugonga.”

Yule mama akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza akamtazama askari usoni, macho yote mawili, na mshtuko uliokuwa mle ulikuwa wa mtu aliyedhani ameshaona mwisho wa jambo, kumbe bado.

“Njiani nilizimia, na mume wangu aliniambia amempa asante akaenda zake,” akasema. “Yule kaka hakunigonga. Mimi ndiye nilimpungia mkono. Pikipiki tano zilinipita, afande, nimezihesabu. Alisimama yeye tu. Alivua koti lake akaniwekea kichwani.”

“Walimpiga, dada. Jicho limefumba. Kesho alikuwa anapelekwa mahakamani.”

“Kwa ajili yangu.”

“Kwa maelezo yaliyotolewa.”

Eufrasia akatazama mkono wake uliovunjika, akatazama kioo chenye mifupa yake inayong'aa, akatazama komeo. Paskalina sasa akatoa daftari, akatoa kalamu ya kwanza, akaandika tarehe na saa: saa tano na dakika kumi na mbili. Nje, viatu vilikuwa vinakwenda na kurudi kwenye korido.

“Ninaanzaje?” Eufrasia akauliza.

“Anza na jina lako. Halafu sema unachotaka niandike. Sitaongeza wala sitapunguza.”

Kidole kikagonga tena, safari hii hakikuhesabu tatu.

“Eufrasia,” sauti ikasema nyuma ya mlango, tamu kama ya kwaya. “Waambie umechoka, mama. Waambie twende nyumbani.”

Eufrasia akashika ukingo wa kiti kwa mkono wake mzima, akageuza uso kuuelekea ule mlango, na akasema kwa sauti ambayo hata wale wa kwenye foleni waliisikia:

“Andika, afande. Naitwa Eufrasia. Sikuanguka dunguni, wala sikugongwa na pikipiki. Nimepigwa kwa mchi na mume wangu, Amedeus, huyo anayegonga hapo. Na nyumbani kwake sirudi.”